Joshua Slocum

Joshua Slocum (20 Februari 1844 – alitoweka baharini Novemba 1909) alikuwa nahodha, mjenzi wa vyombo na mwandishi aliyezaliwa Kanada na baadaye kuwa raia wa Marekani. Anajulikana hasa kama mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa chombo cha tanga. Safari hiyo aliifanya kati ya mwaka 1895 na 1898 kwa mashua yake iliyoitwa Spray, akapita zaidi ya maili 46,000. Habari zake alizieleza katika kitabu Sailing Alone Around the World, kilichotolewa mwaka 1900.

Ingawa alikuwa peke yake chomboni, safari yake ilitegemea sana watu wa bandarini. Karibu kila alipotia nanga alipewa matunda, maziwa, nyama au vifaa. Yeye naye mara nyingine aliwapikia wenyeji au kuwapeleka matembezi baharini. Kwa sababu hiyo kitabu chake kinasomwa hadi leo kwa habari za ubaharia, na pia kwa habari za watu na mapishi ya visiwani.

Utoto na ujana

Slocum alizaliwa Mount Hanley, katika mkoa wa Nova Scotia nchini Kanada, karibu na Ghuba ya Fundy. Alikuwa mtoto wa tano kati ya watoto 11. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi, familia ilihamia kijiji cha Westport kwenye kisiwa cha Brier, kwa akina mama yake. Babu yake mzaa mama alikuwa mlinzi wa mnara wa taa za meli.

Baba yake alikuwa mtu mkali. Alishona viatu vya ngozi vya wavuvi, na Joshua alilazimika kufanya kazi katika karakana hiyo badala ya kuendelea na shule. Inasimuliwa kwamba baba alimkuta siku moja akimalizia kuchonga mfano wa meli, akauvunja mbele yake. Akiwa na miaka 14 alitoroka, akapata kazi ya upishi kwenye chombo cha wavuvi. Kazi hiyo haikudumu: mabaharia walipoonja chakula chake cha kwanza walimfukuza. Mama yake alifariki mwaka 1860, na Joshua akaondoka nyumbani kabisa, akasafiri kama baharia wa kawaida kwenda Dublin, Ireland.

Alijifunza kwa bidii. Alipofika miaka 18 alikuwa amepata cheti cha Uingereza cha afisa wa meli. Baadaye alifika San Francisco, akachukua uraia wa Marekani.

Unahodha na familia

Kwa muda wa miaka 20 hivi Slocum aliongoza meli za matanga zilizobeba shehena katika bahari ya Pasifiki na Atlantiki. Mwaka 1871, akiwa Sydney nchini Australia, alimwoa Virginia Albertina Walker. Virginia alisafiri naye katika kila safari. Walizaa watoto saba, wote wakiwa baharini au katika bandari za ugenini. Wanne kati yao walifikia utu uzima.

Baadaye alipewa uongozi wa Northern Light, meli kubwa kuliko zote alizoongoza. Meli hiyo ilimletea sifa na matatizo pia. Kwa kumfunga afisa wake mmoja muda mrefu chomboni alishtakiwa, akapatikana na hatia na kutozwa faini ya dola 500. Baadaye alinunua meli ndogo zaidi, Aquidneck. Virginia alifariki ndani ya meli hiyo huko Buenos Aires, Argentina, tarehe 25 Julai 1884. Watoto wake walieleza baadaye kwamba baba yao hakurudi tena katika hali yake ya zamani.

Mwaka 1886 alimwoa binamu yake, Henrietta Elliott, aliyeitwa Hettie. Safari yao ya Amerika Kusini ilijaa mikosi. Baadhi ya mabaharia waliasi. Slocum alimpiga risasi mmoja akafa, akashtakiwa na mahakama ikamwachia huru. Kisha ndui uliwaua mabaharia kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 1887 Aquidneck ilikwama kwenye fungu la mchanga katika pwani ya Brazili ikavunjika. Haikuwa na bima.

Liberdade

Slocum hakutaka kurudi kwao kwa kusaidiwa nauli. Kwa mbao za huko Brazili na mabaki ya meli alijenga mashua ya futi 35, na Hettie akashona matanga. Waliishusha majini tarehe 13 Mei 1888, siku ambayo utumwa ulifutwa nchini Brazili. Kwa hiyo waliiita Liberdade, yaani Uhuru kwa Kireno. Slocum, Hettie na watoto wawili wa kiume walisafiri kwa mashua hiyo maili zaidi ya 5,000 hadi Marekani. Baada ya hapo Hettie hakupenda tena kusafiri na mumewe baharini.

Kuijenga upya Spray

Kufikia mwaka 1892 meli za mvuke zilikuwa zimechukua sehemu kubwa ya biashara, na manahodha wa meli za matanga walikosa kazi. Rafiki yake, nahodha Eben Pierce, alimpa mashua iliyokuwa imeegeshwa shambani Fairhaven, Massachusetts. Ilikuwa chombo kikuukuu cha kuvulia chaza, kimeoza, na watu walidhani Slocum anakwenda kukivunja. Yeye alikata mialoni ya jirani akabadilisha ubao mmoja baada ya mwingine. Kazi ilichukua miezi 13, na vifaa vilimgharimu dola 553.62. Spray ilipokamilika ilikuwa na urefu wa futi 36 na inchi 9 (mita 11.2), upana wa zaidi ya futi 14, na mlingoti mmoja. Baadaye, akiwa safarini, aliongeza mlingoti mdogo upande wa shetri.

Sifa kubwa ya Spray ilikuwa uwezo wa kushika njia yake yenyewe. Matanga yakipangwa vizuri na usukani ukifungwa, Slocum aliweza kulala, kupika au kusoma huku chombo kikiendelea na mwendo.

Safari ya kuizunguka dunia

Kutoka Boston hadi Gibraltar

Slocum aliondoka Boston tarehe 24 Aprili 1895, akiwa na umri wa miaka 51. Kwanza alipita Westport, kijiji cha utoto wake, ambako dada yake alimwokea keki ya matunda. Huko Yarmouth, Nova Scotia, alinunua saa ya bati. Bei yake ilikuwa dola moja na nusu, lakini kwa kuwa uso wake ulikuwa umevunjika aliipata kwa dola moja. Alisafiri bila saa maalumu ya mabaharia, kwa sababu kuitengeneza ile aliyokuwa nayo kungemgharimu fedha nyingi mno.

Tarehe 20 Julai alifika Horta, kwenye kisiwa cha Faial katika Azori. Wenyeji walimpokea kwa ukarimu na kumjazia mashua matunda. Konsuli wa Marekani alimpa jibini nyeupe ya kisiwa cha Pico. Alipokuwa tena baharini alikula jibini hiyo pamoja na plamu kwa wingi, akashikwa na maumivu makali ya tumbo hata akalala sakafuni akiwa hajitambui. Katika hali hiyo alimwona mtu wa kale ameshika usukani, aliyejitambulisha kuwa rubani wa Pinta, moja ya meli za Christopher Columbus. Alipopata nafuu alikuta Spray imeshika njia sawasawa. Plamu zilizobaki akazitupa baharini.

Huko Gibraltar wanamaji wa Uingereza walimletea maziwa na mboga, wakamkarabatia baadhi ya vifaa. Mpango wake ulikuwa kupita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, lakini maofisa walimwonya kuhusu maharamia. Slocum akageuza njia kuelekea magharibi. Hata hivyo karibu na pwani ya Moroko alifukuzwa na chombo cha maharamia, akaokoka baada ya wimbi kubwa kuvunja mlingoti wa waliomfukuza.

Mlango wa Magellan

Baada ya kupita Brazili, Uruguay na Argentina, alifika Punta Arenas nchini Chile Februari 1896. Huko nahodha Pedro Samblich alimpa biskuti, nyama iliyokaushwa kwa moshi na mfuko wa misumari midogo ya mazulia. Alimweleza aimwage misumari hiyo juu ya sitaha kila anapolala, kwa kuwa watu wa mitumbwi wangeweza kumvamia. Usiku mmoja wavamizi walipanda wakiwa pekupeku, wakaikanyaga misumari, wakarukia mitumbwini na baharini kwa mayowe.

Habari hizo zinahitaji kusomwa pamoja na historia ya mahali penyewe. Katika miaka hiyo wenyeji wa Tierra del Fuego walikuwa wakiuawa na kunyang'anywa ardhi na walowezi wafugaji wa kondoo. Hapa si Slocum wala wenyeji waliokuwa na sababu ya kuaminiana.

Dhoruba ilimsukuma karibu na Rasi ya Horn, akalazimika kuuanza upya mlango huo. Katika ghuba moja alikuta mapipa ya mafuta mgando ya wanyama kutoka meli iliyovunjika, akayapakia. Aliingia Pasifiki Aprili 1896.

Juan Fernández

Tarehe 26 Aprili 1896 alifika kisiwa cha Juan Fernández cha nchi ya Chile. Hapo ndipo baharia Alexander Selkirk aliishi peke yake kwa zaidi ya miaka minne kuanzia mwaka 1704. Kisa chake kinahusishwa na riwaya ya Robinson Crusoe.

Wenyeji walimjia kwa mashua, naye akawaandalia kahawa na donati, aina ya maandazi, alizokaanga kwa mafuta aliyoyaokota. Waliyapenda sana, hivyo aliwafundisha jinsi ya kuyapika na kuwauzia mafuta kwa bei nafuu. Baadhi walimlipa kwa sarafu za kale, zilizotoka katika meli iliyozama zamani, ambazo baadaye aliwauzia wakusanyaji kwa faida. Kabla ya kuondoka alikwenda kuona pango la Selkirk, akashinda mlimani na watoto wa kisiwa wakichuma matunda ya porini. Kijana huyo aliyefukuzwa jikoni kwenye chombo cha wavuvi alikuwa sasa mwalimu wa mapishi.

Samoa

Kutoka Juan Fernández alikaa siku 72 bila kutia nanga, hadi alipofika Apia, Samoa, tarehe 16 Julai 1896. Waliomlaki kwanza walikuwa wanawake watatu ndani ya mtumbwi. Hawakuamini kwamba alikuja peke yake, wakamtania kwamba bila shaka alikuwa na wenzake na amewala njiani.

Fanny, mjane wa mwandishi Robert Louis Stevenson, alimkaribisha na kumpa vitabu vya mwongozo wa mabaharia vilivyokuwa vya mumewe. Katika kijiji kimoja Slocum alianza kuuliza habari za malipo ya vyakula. Mzee wa kijiji alimkemea kwa upole kwamba wazungu wanajua dola tu. Kinywaji cha kava kilikuwa tayari, basi wakae wanywe na kufurahi. Slocum aliandika kisa hicho bila kuficha kwamba yeye ndiye aliyepewa somo.

Australia

Oktoba 1896 alifika Sydney, mji aliofungia ndoa na Virginia miaka 25 kabla. Tajiri mmoja wa huko alimpa matanga mapya. Mambo hayakuwa hivyo kila bandari: Melbourne alitozwa ushuru, naye akafidia kwa kutoza kila aliyetaka kuiona Spray peni sita. Huko Australia alijipatia fedha pia kwa kutoa mihadhara juu ya safari yake.

Bahari ya Hindi

Katikati ya mwaka 1897 alisafiri kutoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Keeling (Cocos). Ni mwendo wa maili 2,700, nao ulichukua siku 23. Kwa muda wote huo alishika usukani kwa saa tatu tu. Wakazi wa Keeling walikuwa hasa watu wa asili ya Kimalay. Watoto wao walimwona akiipaka mashua lami, kisha wakamwona anakula biskuti iliyopakwa jemu nyeusi. Walikimbia wakipiga kelele kwamba nahodha anakula lami.

Septemba 1897 alifika Rodrigues, kisiwa kinachokuwa leo sehemu ya nchi ya Morisi. Padre alikuwa amewafundisha watu juu ya kuja kwa Mpinga Kristo. Walipoona mashua inaingia na mtu mmoja tu ndani yake, bibi mmoja alikimbilia nyumbani akajifungia. Hofu ilipokwisha, Slocum alialikwa na gavana, akapewa nyama ya ng'ombe, viazi vitamu na makomamanga. Kutoka hapo alikwenda Morisi, ambako alikaa zaidi ya mwezi akingoja majira mazuri ya kuelekea Afrika. Aliwapeleka wasichana wa huko matembezi baharini kama shukrani kwa wenyeji wake.

Afrika Kusini

Slocum hakufika pwani ya Waswahili; alipita kusini mwa Madagaska akatia nanga Durban tarehe 17 Novemba 1897. Huko alikutana na Henry Morton Stanley, anayejulikana Afrika Mashariki kwa kumkuta David Livingstone mjini Ujiji mwaka 1871. Stanley alimhoji juu ya usalama wa Spray endapo ingegonga mwamba.

Akiwa Cape Town alipewa tiketi ya bure ya reli, akatembelea Kimberley, Johannesburg na Pretoria. Rais Paul Kruger wa Transvaal aliamini kwamba dunia ni bapa. Alipoambiwa kwamba mgeni anaizunguka dunia, alimsahihisha kuwa anasafiri ndani ya dunia, kwa kuwa kuizunguka haiwezekani.

Kurudi nyumbani

Aliondoka Cape Town tarehe 26 Machi 1898. Katika kisiwa cha St Helena alikuwa mgeni wa gavana, na mke wa gavana alimpa keki kubwa ya matunda. Mmarekani mmoja alimpa mbuzi, zawadi aliyoijutia: mbuzi alitafuna kamba, kofia ya majani na ramani ya visiwa vya Karibi. Slocum alimshusha katika kisiwa cha Ascension, akaendelea Karibi bila ramani hiyo. Tarehe 8 Mei 1898 aliikata njia aliyoipita wakati wa kwenda, hivyo akawa ameizunguka dunia.

Keki ya St Helena ilimalizika alipofika Antigua. Slocum aliona kwamba ilidumu karibu sawa na ile ya dada yake mwanzoni mwa safari, yaani siku 42.

Marekani ilikuwa vitani na Hispania, na bandari ya Newport, Rhode Island, ilikuwa imetegwa mabomu. Aliingia usiku kwa kupita karibu na miamba, akatia nanga tarehe 27 Juni 1898. Alikuwa safarini miaka mitatu, miezi miwili na siku chache.

Chakula chomboni

Akiba yake ya kawaida ilikuwa biskuti ngumu, ng'onda, viazi, siagi na kahawa. Katika bahari za joto panzi-bahari (samaki warukao) waliangukia sitahani usiku, naye akawakaanga asubuhi. Katika Atlantiki alimvua kasa, akapata nyama ya siku kadhaa. Alipokuwa Bahari ya Hindi saa yake ya bati ilikuwa imepoteza mshale wa dakika; alisema kwamba aliichemsha ndipo ikaendelea kuonyesha saa.

Kitabu

Habari za safari zilichapishwa kwanza katika gazeti la Century kuanzia mwaka 1899, kisha kama kitabu mwaka 1900. Lugha yake ni nyepesi na yenye mzaha, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Hatari anazieleza kwa maneno machache. Karamu na wenyeji anaowakumbuka kwa majina huwapa nafasi kubwa.

Miaka ya mwisho na kutoweka

Mwaka 1901 alionyesha Spray kwenye maonyesho ya Buffalo, New York. Mwaka uliofuata alinunua shamba kisiwani Martha's Vineyard, Massachusetts, lakini kilimo hakikumshika. Mwaka 1906 alikamatwa Riverton, New Jersey, kwa shtaka la kumdhalilisha msichana wa miaka 12. Hakupinga shtaka mahakamani, akaachiliwa baada ya kukaa jela siku 42. Mwaka huohuo alimtembelea Rais Theodore Roosevelt, na mtoto wa rais, Archie, akasafiri katika Spray.

Novemba 1909 aliondoka Martha's Vineyard akiwa peke yake kuelekea Amerika Kusini, kwa nia ya kuingia katika mto Orinoco na kufika Amazon. Hakuonekana tena, wala Spray haikupatikana. Slocum hakuwahi kujifunza kuogelea. Mwaka 1924 mahakama ilimtangaza kuwa amefariki, ikitumia tarehe 14 Novemba 1909 kama siku ya kutoweka.

Kumbukumbu

Nakala nyingi za Spray zimejengwa katika nchi mbalimbali. Kivuko kimoja cha Nova Scotia kiliitwa kwa jina lake, na aina ya roboti za kupima bahari zinazosafiri chini ya maji bila watu nazo huitwa Slocum. Tangu alipotia nanga Newport watu wengi wameizunguka dunia peke yao kwa tanga, na wengi wao wanataja kitabu chake kuwa mwanzo wa shauku yao.